Gunia ni Gunia

Shemeji yangu anaitwa Winchi, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na wapagazi wenzake enzi za ujana, alipokuwa akiinua gunia kutoka chini peke yake, bila mtu wa kumtwika, akapanda nalo ubao huku akipiga mluzi. Alipokuja kumposa dada yangu, marehemu baba alimtazama juu mpaka chini, akasema, "Huyu hana kitu, lakini ana mgongo." Tulicheka sote, na mposaji akacheka kuliko sisi. Hatukujua kwamba mzee alikuwa amemaliza kutaja mali yake yote.

Mgongo ule sasa umezeeka, jina ndilo limekataa kuzeeka. Goti lake la kushoto hulia anapopanda ubao, na akifika juu husimama kidogo, akijifanya anatazama hali ya hewa. "Leo itanyesha," husema. Mvua hainyeshi. Ameitabiri mvua hiyo miaka nenda miaka rudi, na wenzake, kwa adabu, walikuwa wakitazama juu pamoja naye mpaka pumzi zimrudie.

Mimi nashona magunia katika ghala hilohilo. Sakafu ya ghala iko juu, wapagazi huifikia kwa ubao mrefu, nami nakaa uwanjani chini ya ubao huo, juu ya debe lililopinduliwa, shazia mkononi, ile sindano nene ya magunia, na kamba ya katani mapajani. Wakulima huleta mahindi na maharage, yanajazwa, nafunga midomo, wapagazi wanapandisha. Tajiri wetu hunitania kwamba mdomo ulionishinda kuufunga ni wangu mwenyewe. Ni kweli. Nina hasira za karibu, na mtu anayekaa pale siku nzima haishiwi mambo ya kumkasirisha.

Kwa mfano hili. Pale ghalani, ukitaka kujua mtu analipwa kiasi gani, usiulize anafanya nini, angalia amekalia nini. Wapagazi hawana pa kukaa, na wanalipwa kidogo kuliko wote. Mimi nina debe, nawazidi kwa nauli. Karani wa mizani ana kiti cha mbao, ananiacha mbali. Mpwa wa tajiri, anayelipa watu dirishani na kusinzia katikati ya malipo, ana kiti chenye mto. Tajiri mwenyewe ana kiti kinachozunguka, na nionavyo mimi kile kiti kinafanya kazi kuliko yeye. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Winchi amechumia juani maisha yake yote. Huko kivulini nawaona wengine wakila.

Gunia lenyewe nalo lina ujanja wake. Tajiri hununua kwa wakulima kwa gunia, si kwa kilo. Kwa hiyo gunia linajazwa mpaka mdomoni, linasindiliwa, kisha linaongezewa kichuguu juu, nami nakizungushia kamba ili kisimwagike. Hiyo ndiyo lumbesa. Ukiisimamisha kando ya gunia la kawaida utadhani ni mama na mwanawe. Mkulima analipwa gunia moja. Zamani mpagazi aliyeipandisha naye alilipwa gunia moja. Ukinung'unika, tajiri alikuwa na jibu fupi, akilitoa kwa upole kabisa: "Gunia ni gunia." Lakini mnunuzi alipokuja na lori lake kuchukua mzigo, gunia halikuwa gunia tena. Hapo mizani ilifunuliwa, na kila kilo ikadaiwa bei yake.

Wapagazi hawakuwa na ubavu wa kumbadilisha tajiri, wakajitengenezea dawa yao. Kila gunia lililovuka mlango, nyapara alimpa aliyelibeba kizibo kimoja cha soda. Jioni unapeleka vizibo vyako dirishani, unalipwa. Hilo tajiri alilijua. Asilolijua ni kopo. Kabla ya kwenda dirishani wote walipita nyuma ya ghala, kwenye ukuta wa choo, wakamimina vizibo vyao katika kopo moja la maziwa, kisha wakagawana sawa kwa sawa. Kijana aliyebeba mpaka macho yakamwiva na mzee aliyebeba nusu yake waliondoka na vizibo vilevile. Hakuna aliyeuliza. Winchi ndiye aliyelianzisha kopo hilo, wakati ambapo yeye ndiye aliyekuwa akimimina vingi kuliko wote. Wazee waliofaidi vizibo vyake wakati ule wameshatangulia.

Mimi nami nilikuwa na mchango wangu. Gunia lililokosa kichuguu, au lililopungua kidogo chini ya mdomo, nilimalizia fundo lake kwa uzi mwekundu. Uzi mwekundu ulikuwa na maana moja tu: hili la wazee. Kijana aliyejisahau akaligusa alizomewa mpaka akatamani ardhi immeze. Kizibo kilikuwa kilekile, kwa hiyo hata sisi lile neno la tajiri lilitufaa. Gunia ni gunia.

Dada yangu na Winchi walijaliwa binti mmoja. Kwa ajili ya binti huyo, Winchi alibeba Jumapili, alibeba na homa, alibeba siku ya msiba wa mama yake baada ya kutoka mazikoni. Watu wakimwonea huruma kwa karo, alijibu, "Ng'ombe haelemewi na nunduye." Binti alisoma, akamaliza masomo ya ukarani, akazunguka maofisini mpaka viatu vikaisha soli. Halafu karani wetu wa mizani akahama, na tajiri, ambaye alimpenda Winchi jinsi mtu anavyoipenda mashine isiyoharibika, akasema mleteni huyo mtoto.

Siku ya kwanza alipokaa kwenye kile kiti cha mbao, juu pale mlangoni, baba yake alipita mbele yake na gunia mgongoni. Binti akasimama. Alipita tena, akasimama tena. Alilelewa vizuri; mtu hakai mzazi wake amesimama, sembuse amebeba. Mara ya tatu Winchi alisita na mzigo wake, sauti ikatoka chini ya gunia: "Mama, kaa! Unadhani miaka yote hii nilikuwa nabeba nini? Nilikuwa nabeba hicho kiti." Watu walicheka mpaka kazi ikasimama. Binti alikaa, lakini kila baba yake alipopita niliona miguu yake ikijikaza chini ya meza.

Mwisho wa mwezi alipokea mshahara wake wa kwanza. Jioni hiyo nilikuwa kwao. Wana vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa pazia, na katika kile cha mbele Winchi alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, dada yangu akimkanda mgongo kwa kitambaa cha maji ya moto. Hiyo ndiyo sala yao ya jioni. Binti aliingia, akaamkia, akakaa kwenye kigoda bila kuvua viatu.

"Baba, kwa mwezi wewe unapata kiasi gani?"

"Kinachotosha."

"Nimeuliza kiasi, baba."

Winchi alitaja. Binti akahesabu kwa vidole, na dada yangu akaacha kukanda.

"Mimi nimepata mara tatu yake," binti alisema. "Mara tatu! Na nilichofanya ni kukaa. Nimekaa na kusoma mizani, basi. Nimetazama mgongo wako ukipita, nikaandika."

"Ndiyo faida ya shule," Winchi alisema, akicheka ndani ya mkeka.

"Si faida, baba, ni dhuluma. Yule mtu anauza kwa kilo, nyinyi anawalipa kwa gunia. Ile lumbesa ni gunia moja na nusu, wakati mwingine zaidi. Hiyo nusu mnabeba bure. Mimi ndiye ninayepima, mimi ndiye ninayejua. Nitaenda kumwambia alipe kwa kilo."

Hapo nilifungua mdomo. Nilitaka kumweleza mtoto kwamba pale ghalani kuna kopo, kuna uzi mwekundu, na kwamba wanyonge wakipata pa kujificha mtu hawashi taa. Lakini Winchi aligeuza kichwa kwenye mkeka, akanitazama kwa jicho moja. Nimemjua miaka mingi, hakuwahi kunitazama vile. Nikameza maneno yangu.

"Sema, mama," alimwambia binti yake. "Haki ni haki."

Aliponisindikiza nje nilimvaa. "Mbona umenizuia? Yule mtoto hajui anachokwenda kukiomba."

"Ulitaka nimwambie nini, shemeji? Kwamba baba yake anabebwa? Mimi, Winchi?" Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Halafu tajiri hatakubali. Atamsikiliza, atamwambia gunia ni gunia, naye atarudi kukaa. Mtoto atakuwa ametoa la moyoni, basi."

Tajiri alikubali. Ndiyo ubaya wa kumtegemea mtu mbaya awe mbaya kila siku. Alimsikiliza binti mpaka mwisho, akamwita mpwa wake wakajifungia ofisini na kikokotoo, na baada ya siku chache akatukusanya sote uwanjani. Alipanda juu ya ubao ili tumwone. Alisema binti wa Winchi amemfungua macho. Alisema dunia imeendelea, na kuanzia siku hiyo kila mtu atalipwa kilo zake alizobeba, jasho lako ndilo mshahara wako. Karani atapima kila mzigo unaopanda na kuuandika kwa jina la aliyeubeba. Vizibo basi. Nyapara naye basi, maana hakuwa na cha kugawa tena. Alikwenda zake na mfuko wake wa vizibo ukilialia. Kisha tajiri akatangaza kwamba karani kwa ubunifu wake amepandishwa cheo, na mshahara umepanda pia.

Vijana walipiga vigelegele utadhani harusi. Kulikuwa na mmoja tuliyemwita Kifua, kwa sababu mlangoni kifua chake kiliingia kabla yake. Huyo alirusha kofia juu ikanasa kwenye paa, hata leo iko huko. Lakini hakuna aliyefurahi kuliko Winchi. Alinishika bega akalitikisa. "Umesikia? Mwanangu huyo! Mtoto wa mpagazi amesema, tajiri ameitikia." Alikwenda kumweleza muuza maji, akamweleza dereva wa lori ambaye hata hamjui. Kesho yake kiti cha mbao kiliondolewa, kikaletwa kingine cha magurudumu, kinachozunguka.

Sasa sikiliza jinsi haki inavyotembea. Mpwa wa tajiri si mjinga kama anavyosinzia. Kilo ilipangiwa bei ambayo kwayo lumbesa ilizidi kidogo tu malipo ya zamani, na gunia la kawaida likashuka. Kijana aliyebeba lumbesa mfululizo alitoka na pesa ambayo hajawahi kuishika. La uzi mwekundu lilikuwa na kilo chache, likalipwa chache. Ukiangalia karatasi, hakuna aliyeibiwa hata punje.

Jioni ya kwanza Winchi alikwenda nyuma ya ghala kwa mazoea. Nilimfuata. Kopo lilikuwa pale kwenye msumari wake, na chini yake walisimama wazee wengine wawili. Vijana walikuwa wameshapanga foleni dirishani, kila mmoja na jina lake. Hao watatu walitazamana kidogo. Winchi alilichukua kopo, akalikung'uta, akachota maji bombani akanywa, akalirudisha kwenye msumari.

Hilo la kopo nililitegemea. Ambalo sikulitegemea ni la kutwikana. Gunia halijitwiki. Lazima watu wawili washike pembe, walirushe, mbebaji ainame chini yake alipokee. Zamani mtu akisema "Nitwikeni," mikono minne ilishafika kabla hajamaliza. Mikono ile haikuwa na gharama, kwa sababu kizibo cha mwenzako kilikuwa nusu chako. Sasa kumtwika mwenzako ni kupoteza zamu yako. Vijana walijipanga wenyewe kwa wenyewe, wenye nguvu na wenye nguvu: nitwike nikutwike, haraka haraka. Mzee humtwiki, maana kukurudishia hawezi. Mikono yake inatetemeka. Basi nikawa nawaona wazee wetu wamesimama kando ya magunia yao wakingoja, kila mmoja na lake, nao vijana wakipita mbio huku wakisema, "Nakuja, mzee, nakuja." Sidhani walikuwa wanadanganya. Walikuwa wanakusudia kuja.

Nikawa naacha shazia yangu naenda kusaidia. Lakini mimi bado nalipwa kwa gunia ninaloshona, sindano yangu hakuna aliyeipima, na nikisimama foleni ya midomo wazi inakua, wanaanza kunipigia kelele. Na kutwika kunataka wawili. Nilikuwa mmoja.

Mwezi ulipoisha tajiri alisoma majina na kilo. Hapo kwa mara ya kwanza aliona kitu ambacho kopo lilimficha miaka yote, kwamba Winchi wake, mashine yake, anabeba chini ya nusu ya Kifua. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alimwita yeye na wale wazee wawili, akawaambia kwa upole wake uleule kwamba asiyefikisha nusu ya vijana apishe wengine, njaa ziko nyingi nje ya geti. Aliwapa mwezi mmoja wajitahidi. Wale wawili hawakungoja mwezi uishe. Huko maofisini mtu akichoka hupewa pesa inayoitwa kiinua mgongo. Wao, ambao migongo ndiyo hasa ilikuwa imelala, walipewa mkono wa kwaheri.

Siku ileile majina yaliposomwa, binti alishuka ubao akaja kuchutama kando ya debe langu, na nguo zake safi zikaburuzika vumbini.

"Mjomba, kuna kitu sikielewi. Zamani baba alikuwa analeta nyumbani sawa na wenzake. Mama ameniambia, sawa kabisa na Kifua. Sasa ni mimi ninayempima, na kilo zake hazifiki popote. Goti limezidi?"

Nilimwambia. Nilimwambia habari ya kopo, nikamwonyesha kibunda cha uzi mwekundu, nikamwambia nani alimimina na nani alichota, na lini. Alisikiliza akiutazama ule uzi. Uso wake ulipoa kama chakula kilichosahauliwa.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Baba yako hakutaka ujue."

"Kwa hiyo nimemwondolea baba yangu mkate mdomoni, kwa mikono yangu mwenyewe."

Nilitaka kusema hapana, lakini mtu akishajijibu mwenyewe, utamwongezea nini?

Alipanda moja kwa moja ofisini kwa tajiri, mlango ukabaki wazi, tukasikia sote. Aliomba vizibo virudishwe. Tajiri alishangaa kwa dhati. "Binti yangu, si wewe uliyekuja hapahapa ukaniambia mtu alipwe kwa jasho lake? Nimekusikiliza. Nimekupandisha cheo. Leo unataka nimlipe mtu kwa jasho la mwenzake?" Binti alisimama pale. Nami niliyeko chini, mtu wa majibu, mwenye jibu la kila kitu, nililitafuta jibu la swali hilo na bado nalitafuta. Maneno ya tajiri yalikuwa maovu, na sikuona pa kuyashika.

Akaenda kwa Kifua. Alimkuta amekaa kwenye mwanzo wa ubao, hatua chache kutoka kwangu, akijifunga vidole kwa kitambaa, kwa sababu kamba za lumbesa zilikuwa zimemchana. Alimwomba wafufue kopo, wao kwa wao, tajiri asijue.

"Dada, mzee namheshimu," Kifua alisema. "Aliponifundisha kubeba nilikuwa sina hata viatu. Lakini mama yangu yuko kitandani, dawa zake nilikuwa nazikopa. Mwezi huu nimenunua. Nimelipwa nilichobeba mara ya kwanza tangu nizaliwe. Nikirudi nyumbani na nusu, nimwambie nini?" Kisha akaongeza, akitazama vidole vyake, "Halafu na mimi nitazeeka, najua. Usidhani sijui."

Nilitaka kumchukia kijana yule, ingenipunguzia uzito. Nikashindwa.

Jioni binti aliweka bahasha ya mshahara wake kwenye mkeka, mbele ya pua ya baba yake. Dada yangu alikuwa na kitambaa chake cha maji ya moto. Mimi niliegemea mlango.

"Baba, acha kazi. Hii inatutosha sote, na nyingine inabaki. Naomba uache."

Winchi aliisukuma bahasha kwa kidole. "Mpe mama yako anunue sukari."

"Baba, nimekosa. Nimekuharibia. Nisamehe, na uache."

Alijiinua taratibu, akakaa. Alipoketi vile bila shati niliuona mgongo, ule aliousifu marehemu baba, una sugu mbili mabegani zilizong'aa kama magoti ya ngamia. Alizungumza kwa utulivu, na binti yake alikuwa anazitazama zile sugu.

"Hukukosa. Ulisema haki, na haki ikawa. Sasa nikiacha leo, watu wa pale watasema nini? Watasema haki ya mtoto wake ndiyo iliyomfukuza. Watakuangalia kwenye kile kiti na watasema hilo kila siku. Sitaki. Mimi nitafikisha kilo zake huyo bwana, na wewe utakaa na jina lako zuri. Nikishafikisha, hata nikiacha baadaye, nitakuwa nimechoka tu kama watu wengine."

"Huyu mtu atanifia," dada yangu alisema. Hakumwambia yeyote kati yetu. Alikikamua kitambaa, akaendelea kukanda.

Nilidhani kulala kutambadilisha. Asubuhi alinikuta nafungua kibunda changu cha uzi, akainama sikioni.

"Shemeji, ule mwekundu acha. Nishonee lumbesa."

"Una wazimu."

"Wazimu ninao tangu nimwoe dada yako. Nishonee. Na ukaze vizuri, kichuguu kisije kikafumuka njiani nikadhulumiwa kilo."

Nilimtukana. Nilimtaja mama yake, ambaye nilimpenda, Mungu amrehemu. Alicheka, akasimama palepale. Na mimi ningefanya nini? Nisiposhona, angechukua iliyoshonwa na mshonaji mwingine, wa geti la pili, mtu asiyekaza. Nilijaza, nikasindilia, nikakiinua kichuguu, nikakizungushia kamba mara nyingi kuliko kawaida. Sijawahi kushona gunia vizuri kama lile. Mikono yangu iliifanya kazi kwa ustadi wake wote, nami nikiichukia.

Akasimama kando yake. "Nitwikeni!" aliita, kwa ile sauti yake ya zamani.

Kifua alipita mbio. "Nakuja, mzee!" Wengine wakapita. Ubao ulikuwa unadunda kwa miguu yao. Winchi alingoja, mikono kiunoni, akitabasamu, kama mtu aliyemtangulia mwenzake sokoni. Aliita tena. Alipoita mara ya tatu sauti haikuwa ya zamani.

Juu mlangoni nilikiona kiti cha magurudumu kikizunguka peke yake. Binti alikuwa anashuka ubao, dhidi ya wapagazi wanaopanda, wakimpisha. Akafika chini. Baba yake akamwambia, "Rudi ukakae, mama, utachafuka." Yeye akavua viatu, akaviweka kando ya debe langu, akashika pembe moja ya gunia.

"Inama, baba," alisema.

Winchi alitutazama, yeye na mimi. Kisha akakifunika kichwa chake kwa kipande cha gunia kuukuu, akageuka, akainama. Niliacha shazia ikining'inia kwenye mdomo niliokuwa naushona, nikashika pembe ya pili. Binti alikuwa analia bila sauti, na mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Ni mikono ya baba yake. Tukahesabu moja, mbili. Tukamtwika.

Aliyumba, akasimama sawa, akaukabili ubao. Goti lililia hatua kwa hatua, na watu walikuwa wanampita pembeni wakienda na kurudi. Alipofika juu alisita, kichwa chini ya mzigo, nikajua anachotaka kusema kabla hajakisema.

"Leo itanyesha."

Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutazama juu. Tulitazama sisi wawili, mimi na mwanawe. Hapakuwa na wingu hata moja. Kisha tukasikia mizani ikigongwa na mzigo, na sauti ya Winchi ikiita kutoka ndani, imekatika pumzi lakini ina furaha, "Mama! Njoo uandike." Binti alijifuta macho kwa mkono wenye vumbi, akavaa viatu vyake, akapanda kwenda kuandika.